Dondoo muhimu: Zege la sakafu ya uani

• Pima kwa mita. Zidisha urefu, upana na unene. Sakafu ya mita 4 kwa 3 yenye unene wa sentimita 10 (mita 0.1) inahitaji mita za ujazo 1.2. Ongeza asilimia 10 ya upotevu: 1.32.

• Nunua vya kutosha. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, andaa mifuko 9 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.6 na kokoto 1.2.

• Tumia kipimo kimoja. Pima saruji, mchanga na kokoto kwa ndoo ileile, koleo hudanganya.

• Usizidishe maji. Lita 25 kwa mfuko zinatosha. Punguza maji ikiwa mchanga umelowa. Zege la majimaji hupasuka.

• Andaa ardhi. Ondoa udongo wenye mizizi, shindilia kifusi, kisha weka mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kutoka ukutani.

• Maliza kwa siku moja. Tafuta vibarua wa kutosha na uanze asubuhi.

• Mwagilia siku 7. Funika kwa turubai au magunia mabichi. Hapa ndipo uimara unapopatikana.