SOMO: MGANE NA NDOA YA PILI



Wako wenzetu wa pwani waliokwenda bara kutafuta riziki, katika miji ya Thika na Ruiru. Huko, mtu akifiwa na mkewe, jamaa zake wako mbali. Hurudi kazini jioni, akaikuta nyumba kimya na watoto wanamngoja. Tuseme mgane wa namna hiyo, akaaye Thika, moyo wake umemwelekea mjane wa Ruiru. Hapo hujiuliza: Je, nikioa, sitakuwa nimemsahau marehemu?

Jawabu limo katika maisha ya Mtume wetu (S.A.W.). Bibi Khadija (R.A.) alifariki kiasi cha mwaka 619, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Kisha Mtume, kwa shauri la Bibi Khawla binti Hakim, alimuoa Bibi Sawda, naye alikuwa mjane. Je, huzuni ilikwisha? Hasha! Baada ya vita vya Badri, mwaka 624, binti yake Zaynab alipeleka kidani ili amkomboe mumewe aliyetekwa. Kidani hicho alipewa na mamake, Bibi Khadija, siku ya arusi. Mtume alipokiona alishikwa na simanzi kubwa, akawaomba Masahaba, wakiona vyema, wamwachilie mateka na wamrudishie Zaynab kidani chake. Wakati huo Mtume alikuwa amekwisha kuoa.

Basi kumkumbuka aliyekufa si kumkosea aliye hai, wala kuoa si kumsahau aliyekufa.

Tena zingatieni: kidani kilirudi kwa mwenyewe. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mgane huchukua dhahabu ya marehemu akampambia mke mpya, na ilhali fungu lake, kwa hukumu ya Sura ya An-Nisaa, ni robo tu ikiwa marehemu ameacha mtoto, au nusu ikiwa hakuacha, baada ya wasia na deni. Kilichosalia ni haki ya watoto na warithi wengine. Gawanya mirathi kwanza, ndipo upeleke posa.

Na yule mjane naye asiposwe waziwazi kabla ya kwisha eda yake: miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue akiwa na mimba.

Nawe utakayeoa, usimpime mkeo kwa mizani ya marehemu. Nawe bibi, usilihesabu chozi la mumeo kuwa ni dharau kwako.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atie mapenzi na huruma baina ya waliobaki. Amin.