Nyama ya samaki hukuaje?

Swali: Nafuga tilapia hapa Epulu. Mbuzi hukua akakoma. Mbona samaki wa mto Ituri huzidi kuwa wakubwa?

Jibu: Mbuzi huzaliwa na karibu nyuzi zake zote za misuli, baadaye nyuzi hizo hunenepa tu. Samaki wa kukua sana huendelea kuunda nyuzi mpya muda mrefu baada ya kuanguliwa, kutokana na seli changa zilizojibanza kando ya nyuzi za zamani, nazo za zamani zikizidi kunenepa. Ila bwawani tilapia wakizaana mno hudumaa: chakula hakitoshi, na nguvu huishia kwenye mayai. Punguza vifaranga.