Ufahamu na Ufupisho: Calmette na Chanjo ya Kifua Kikuu

Katika swali la ufahamu, majibu yote yamo ndani ya kifungu. Hata hivyo, watahiniwa wengi hupoteza alama kwa sababu hujibu yale waliyoyasikia mitaani badala ya yale waliyoyasoma. Kifungu kifuatacho kinahusu chanjo, jambo ambalo karibu kila mtu ana maoni yake tayari. Soma mara mbili. Mara ya kwanza soma bila kusimama ili upate wazo kuu. Mara ya pili soma polepole, upigie mstari sababu, matokeo na maneno kama "lakini", "hata hivyo" na "kumbe". Maneno hayo huonyesha mahali ambapo hoja inageuka, na mara nyingi mtahini hutunga swali papo hapo.

KIFUNGU CHA HABARI

1. Mwaka 1882 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alitangaza mjini Berlin kwamba amegundua bakteria wanaosababisha kifua kikuu. Kabla ya hapo wengi waliamini kuwa ugonjwa huo ni wa kurithi katika ukoo. Sasa ilijulikana kuwa unaambukizwa. Lakini kumjua adui si kumshinda. Dawa haikuwepo, na familia ziliendelea kuzika watu wake, hasa zile zilizoishi kwa kubanana katika vyumba finyu vya miji ya viwanda.

2. Albert Calmette alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1863, akaanza kazi akiwa daktari wa jeshi la majini. Mwaka 1891 alipelekwa Saigon, katika nchi inayoitwa leo Vietnam, kuanzisha tawi la Taasisi ya Pasteur. Huko alishughulikia chanjo za ndui na kichaa cha mbwa, kisha akaanza utafiti wa sumu ya nyoka ambao ulizaa dawa ya kuwatibu walioumwa. Mwaka 1895 alikabidhiwa taasisi mpya mjini Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Lille ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na kifua kikuu kilikuwa kimeenea miongoni mwa wafanyakazi. Mwaka 1901 Calmette alifungua zahanati ya ugonjwa huo. Wagonjwa hawakupimwa tu. Walitembelewa pia majumbani na kufundishwa namna ya kuwakinga jamaa zao.

3. Calmette alishirikiana na daktari wa mifugo, Camille Guérin. Walichukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe na kuwaotesha maabarani juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa pamoja na gliserini. Bakteria hao walikuwa wakishikamana mabonge, jambo lililoleta shida katika majaribio. Ili kuwatenganisha, watafiti waliongeza nyongo ya ng'ombe. Kumbe nyongo ilifanya zaidi ya hapo: kadiri bakteria walivyooteshwa humo, makali yao yalipungua. Kuanzia mwaka 1908, kila baada ya wiki tatu hivi, waliwahamishia kwenye chakula kipya. Walirudia kazi hiyo mara 230 katika muda wa miaka 13.

4. Katikati ya kazi hiyo, Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka. Majeshi ya Ujerumani yaliuteka mji wa Lille mwaka 1914 na kuukalia hadi mwaka 1918. Kupata viazi na nyongo kukawa taabu, lakini bakteria wasingengoja vita viishe. Wasipohamishwa wangekufa na kazi yote ingepotea. Wawili hao hawakuacha. Mwishowe waliona kuwa bakteria wao hawawezi tena kuwaletea wanyama ugonjwa, ila wanaamsha kinga ya mwili. Chanjo iliyopatikana iliitwa BCG, herufi zitokanazo na maneno ya Kifaransa yenye maana ya bakteria wa Calmette na Guérin.

5. Mwaka 1921, mjini Paris, alizaliwa mtoto ambaye mama yake alifariki kwa kifua kikuu muda mfupi baada ya kujifungua. Mtoto alikuwa alelewe na bibi yake, naye bibi alikuwa na ugonjwa huohuo. Hatari ya kuambukizwa ilikuwa kubwa, na hapakuwa na tiba. Baada ya kupima hatari za pande zote mbili, madaktari walimpa mtoto chanjo ile kwa kumnywesha. Alikua bila kupata kifua kikuu. Baada yake maelfu ya watoto walichanjwa.

6. Kisha ukatokea mkasa. Mwaka 1930, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, watoto wachanga takriban 250 walinyweshwa chanjo iliyotayarishwa katika maabara ya mji huo. Zaidi ya 70 walikufa kwa kifua kikuu. Lawama zilimwangukia Calmette, na wazazi katika nchi nyingi wakaanza kusita. Uchunguzi ulionyesha kuwa katika maabara ya Lübeck walikuwa wanatunza pia bakteria wakali wa kifua kikuu, na bakteria hao ndio waliochanganyika na chanjo. Mahakama iliwatia hatiani madaktari wawili kwa uzembe, na BCG yenyewe ikaonekana haina kosa. Calmette alifariki mwaka 1933, mkasa huo ukiwa bado haujasahaulika.

7. Leo BCG hutolewa kwa watoto wachanga katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, na wengi hubaki na kovu dogo mkononi. Huwakinga watoto dhidi ya aina kali za kifua kikuu, kama ile inayoshambulia utando wa ubongo. Hata hivyo, kinga yake dhidi ya kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima ni ndogo. Kwa hiyo mwenye kovu hapaswi kujiona yuko salama. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anatakiwa kwenda kupimwa, na akikutwa na ugonjwa, amalize dawa zote alizopangiwa.

MASWALI

1. Kwa mujibu wa aya ya kwanza, ugunduzi wa Koch ulibadili nini, na haukubadili nini? (alama 2)
2. Nyongo ya ng'ombe iliongezwa kwa lengo gani, na ilileta matokeo gani ambayo hayakutarajiwa? (alama 2)
3. Kwa nini madaktari wa Paris waliamua kumpa mtoto yule chanjo? (alama 2)
4. Vifo vya watoto wa Lübeck vilisababishwa na nini? (alama 2)
5. "Aliyechanjwa BCG hana haja ya kupimwa kifua kikuu." Je, mwandishi anakubaliana na kauli hii? Thibitisha. (alama 2)
6. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (a) ulizaa (b) makali (c) kusita. (alama 3)
7. Taja methali moja inayoafiki kazi ya Calmette na Guérin. (alama 1)
8. Fupisha aya ya sita na ya saba kwa maneno yasiyozidi 60. (alama 6)

MAJIBU NA MAELEZO

Swali la 1. Ulibadili imani kuwa ugonjwa ni wa kurithi. Ilijulikana kuwa unaambukizwa. Haukubadili hali ya wagonjwa, kwa kuwa dawa haikuwepo. Swali lina sehemu mbili. Ukijibu moja, umepata nusu ya alama.

Swali la 2. Lengo lilikuwa kuwatenganisha bakteria walioshikamana mabonge. Matokeo yasiyotarajiwa ni kupungua kwa makali yao. Neno "kumbe" ndilo linaloonyesha kuwa jambo hilo halikutegemewa.

Swali la 3. Mtoto alikuwa alelewe na bibi mwenye kifua kikuu, hivyo hatari ya kuambukizwa ilikuwa kubwa, na hapakuwa na tiba. Usiandike tu kwamba "mama yake alikufa". Hiyo ni sehemu ya habari, lakini haijaeleza kwa nini mtoto aliyebaki alikuwa hatarini.

Swali la 4. Vilisababishwa na bakteria wakali wa kifua kikuu waliochanganyika na chanjo katika maabara ya Lübeck kutokana na uzembe.

Hili ndilo swali linalowaangusha wengi. Linganisha majibu mawili:

Mtahiniwa wa kwanza: "Watoto walikufa kwa sababu ya chanjo ya BCG."
Mtahiniwa wa pili: "Watoto walikufa kwa sababu chanjo waliyopewa ilichanganyika na bakteria wakali maabarani."

Mtahiniwa wa kwanza ameona watoto walichanjwa, kisha wakafa, akaunganisha mambo mawili kwa haraka. Hakufika kwenye sentensi inayoanza na "Uchunguzi ulionyesha". Amekosa alama mbili. Kosa hilohilo huwa kubwa zaidi nje ya chumba cha mtihani. Wewe ndiye utakayeulizwa nyumbani, kwa kuwa umesoma. Dada yako aliyejifungua akikuuliza kama ni kweli chanjo iliwahi kuua watoto, jibu la nusu litamfanya abaki nyumbani na mtoto wake. Jibu la "haijawahi kutokea" nalo ni uongo, na siku atakapopata habari kamili hatakuamini tena. Mweleze yote: vifo vilitokea, chanzo chake kilichunguzwa na kujulikana, na waliozembea waliadhibiwa.

Swali la 5. Hakubaliani. Anasema kinga ya BCG dhidi ya kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima ni ndogo, na anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anatakiwa kupimwa. "Hakubaliani" peke yake hakutoshi. Neno "thibitisha" linadai ushahidi kutoka kwenye kifungu.

Swali la 6. (a) Ulizaa: ulileta, ulisababisha kupatikana. (b) Makali: nguvu ya kudhuru. (c) Kusita: kuwa na mashaka kabla ya kufanya jambo. Zingatia maneno "kama yalivyotumika". Ukiandika kuwa makali ni upande wa kisu unaokata, umetoa maana sahihi ya kamusi, lakini si maana ya kifungu.

Swali la 7. Mvumilivu hula mbivu. Au, haba na haba hujaza kibaba. Methali iwe kamili, isiachwe nusu.

Swali la 8. Kwanza orodhesha hoja katika rasimu: mkasa wa Lübeck, chanzo chake, uamuzi wa mahakama, faida ya BCG, udhaifu wake, na ushauri wa kupima. Hoja sita, alama sita. Acha mifano na mapambo, kama vile kovu na utando wa ubongo. Kisha andika nakala safi kwa maneno yako:

"Mwaka 1930 watoto zaidi ya 70 walikufa Lübeck baada ya chanjo yao kuchanganyika na bakteria wakali katika maabara ya mji huo. Mahakama ilibaini kuwa BCG haikuwa na kosa. Chanjo hiyo huwakinga watoto dhidi ya kifua kikuu kikali, lakini kinga yake kwa watu wazima ni ndogo. Hivyo, anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe." (Maneno 53)

Baada ya kuandika, hesabu maneno na uyaandike kwenye mabano. Usiongeze maoni yako. Ufupisho hubeba hoja za mwandishi peke yake.

ZOEZI LA KUJIPIMA

Funga majibu, kisha fanya yafuatayo kwa dakika 20.

(a) Fupisha aya ya tatu na ya nne kwa maneno yasiyozidi 50.
(b) Kwa nini Calmette na Guérin hawakuweza kusimamisha kazi wakati wa vita? Toa jibu la sentensi moja.
(c) Tunga kichwa cha habari kisichozidi maneno matano kinachofaa kifungu chote. Kumbuka: kichwa kinachoitaja Lübeck peke yake kimebeba aya moja tu kati ya saba.