Cheti cha Umeme wa Nyumba: Usilipie Mhuri, Lipia Vipimo

Tanzania Bara si ajabu nyumba kupata cheti cha umeme kutoka kwa mkandarasi ambaye hajawahi kukanyaga uani kwake. Fundi wa mtaani anatandaza nyaya, anachukua fomu, anampelekea mwenye leseni, inagongwa mhuri kwa malipo kidogo, na mwenye nyumba anarudishiwa karatasi iliyojaa saini. Hakuna aliyepima kitu. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka karatasi hiyo iseme kweli.

Hatua ya kwanza: mpate mwenye leseni kabla ukuta haujatinduliwa

Chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, leseni za kufunga umeme majumbani hutolewa na EWURA. Cheti cha VETA ni kitu kingine: kinaonyesha kwamba mtu amesomea ufundi, lakini hakimruhusu kuidhinisha kazi kwa saini yake. Basi omba kuiona leseni yenyewe. Soma jina, daraja na tarehe ya mwisho, kisha uhakikishe jina hilo kwa EWURA, mtandaoni au kwenye ofisi yao ya kanda. Madaraja yamepangwa kwa herufi, A likiwa la kazi kubwa zaidi. Nyumba ya kawaida ya fezi moja haihitaji mtu wa daraja la juu, ila daraja lake lazima liruhusu kazi yako, hasa ukitaka fezi tatu kwa ajili ya mashine.

Aliyeko Zanzibar aanzie ZURA, na umeme atauomba ZECO.

Sina ugomvi na fundi wa mtaani. Wapo wenye mikono safi kuliko wakubwa wao. Akifanya kazi chini ya mkandarasi anayefika kukagua, hakuna ubaya. Wa kuogopwa ni kishoka anayekwambia, "Mambo ya leseni niachie mimi, bosi."

Hatua ya pili: andikianeni

Ukurasa mmoja unatosha. Ziandikwe idadi ya taa, soketi na saketi, nani ananunua vifaa, na kwamba mkandarasi mwenyewe atapima na kukabidhi cheti chenye matokeo ya vipimo. Malipo yagawanywe, na fungu la mwisho litoke baada ya vipimo vyote, vikiwemo vile vinavyofanyika umeme ukishawaka. Sharti hili la fedha ndilo linalomrudisha mtu kazini. Mengine yote anaweza kuyasahau.

Hatua ya tatu: kagua kabla ya lipu

Mkandarasi aje mabomba ya nyaya yakiwa bado yanaonekana ukutani. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5, jiko la umeme na hita ya kuogea hudai mnene zaidi, kila kimoja na saketi yake. Tazama alama ya TBS kwenye nyaya na saketi breka. Piga picha kila ukuta, kwa sababu siku utakapotaka kutundika kabati la jikoni, picha hizo zitakuonyesha mahali pa kutotoboa.

Hatua ya nne: simama pale wakati wa kupima

Sehemu kubwa ya vipimo hufanyika kabla mita ya LUKU haijafungwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuahirisha.

Kwanza ni waya wa ethi: je, umeunganika bila kukatika kutoka kila soketi hadi kwenye boksi la breka? Kila soketi, siyo ya sebuleni peke yake. Pili ni kinga ya nyaya, ambayo hupimwa kwa mega. Balbu na vyombo vyote huchomolewa, kisha mega husukuma volti 500 kwenye nyaya. Kwa vigezo vya kimataifa vinavyotumika sana, usomaji usishuke chini ya megaomu 1. Ukiwa chini, huenda kuna waya uliochunika ndani ya bomba, au unyevu umeingia mahali. Jibu ni kutafuta kasoro yenyewe. Asikwambie kwamba utakauka wenyewe.

Tatu, swichi ikate waya wa moto na wala si nyutro. Zikibadilishwa, taa itazimika vizuri tu huku holda ikiwa bado na umeme, na anayebadilisha balbu hatajua.

Nne ni rodi ya ethi. Wapo wanaoikata nusu ikigonga mwamba, au kuichomeka kwenye mchanga mkavu kando ya msingi. Ipimwe kwa kifaa chake, usomaji uandikwe kwa omu, na kiungio chake kiachwe mahali panapofikika. Ukiona cheti kimeandikwa "sawa" badala ya namba, kirudishe. Neno "sawa" halikuhitaji kifaa chochote.

Hatua ya tano: omba umeme

Maombi ya TANESCO siku hizi hufanyika kwa mfumo wa Nikonekt, na utahitaji namba yako ya NIDA. Taarifa za mkandarasi zijazwe na yeye mwenyewe. Usisaini fomu ambayo sehemu zake bado ni tupu.

Hatua ya sita: mkandarasi arudi umeme ukiwaka

Hapa ndipo wengi huachwa. Kifaa kinachokata umeme unapovuja, kile mafundi wanachokiita ELCB au RCD, hupimwa kikamilifu umeme ukiwepo. Cha kulinda watu nyumbani kiwe cha miliampia 30, na mkandarasi apime kwa mashine kinakata baada ya milisekunde ngapi. Kwa mvujo wa miliampia 30 zisizidi 300. Kubonyeza kitufe chenye herufi T ni jambo jema la kufanya mara kwa mara, lakini kitufe hicho hakikwambii kama ethi yako inafanya kazi.

Namba hizo zikiingia kwenye cheti, pokea nakala halisi yenye jina, namba ya leseni na tarehe, pamoja na mchoro wa saketi, kisha lipa fungu la mwisho siku hiyohiyo. Ukija kuongeza chumba cha uani au pampu ya kisima, kazi hiyo mpya nayo ipimwe na kuandikiwa cheti chake.

Mkandarasi akikataa kupima baada ya kula fedha zako, peleka malalamiko EWURA ukiwa na makubaliano yenu, risiti na nakala ya leseni yake.