Jumla Moja kwa Njia Nyingi: Somo kwa Kamati za Sharika



Katika toleo hili tunaleta somo ambalo wengi wetu tulilipata katika madarasa ya chini na kuliacha huko: kujumlisha. Kamati zetu, kuanzia Mlalo, ambako kazi ya misioni ya Betheli ilianza mwaka 1891, hadi Mtae, Soni na Bumbuli, hujumlisha sadaka, michango ya ujenzi na fedha za wafadhili. Jumla mbili zinapotofautiana, wa kwanza kutazamwa vibaya ni mtunza hazina, hata kama hana kosa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba daftari lisilohakikiwa huweza kupoteza pia jina la mtu.

Kujumlisha kuna sifa tatu za msingi, na kila moja inaweza kutumika kuhakiki hesabu.

1. Mpangilio haubadili jumla

Tuchukue mfano wa usharika wenye mitaa mitatu. Sadaka ya Jumapili ni hii: kanisa la usharika sh. 184,500, mtaa wa kwanza sh. 67,300, mtaa wa pili sh. 0, mtaa wa tatu sh. 115,500. Anayejumlisha kutoka juu kwenda chini anapata sh. 367,300. Anayeanzia chini kwenda juu naye lazima apate sh. 367,300. Hivyo basi, mzee mmoja ajumlishe kutoka juu na mwingine kutoka chini, kila mmoja kwenye karatasi yake. Anayerudia njia ile ile huweza kurudia kosa lile lile, lakini anayepita njia nyingine huligundua.

Sifa hii pia hurahisisha kazi. Ukianza na 184,500 na 115,500 unapata 300,000 kamili, na 67,300 inayobaki unaiongeza hata bila kalamu.

2. Makundi hayabadili jumla

Fedha zile zile tunaweza kuzipanga upya kwa aina ya noti: noti 14 za sh. 10,000 ni 140,000. Noti 23 za sh. 5,000 ni 115,000. Noti 31 za sh. 2,000 ni 62,000. Noti 38 za sh. 1,000 ni 38,000; sarafu ni 12,300. Jumla ni sh. 367,300 tena. Kundi la kwanza lilitueleza fedha zimetoka wapi, na la pili linatueleza kilichopo mezani. Yakikubaliana, kamati itie sahihi. Yakitofautiana, fedha zisiondoke mezani mpaka sababu ijulikane.

Biblia ina mfano mzuri katika kitabu kinachoitwa Hesabu. Sura ya 1 inaorodhesha wanaume wa kabila moja moja, ikianza na Reubeni, na jumla ni 603,550. Sura ya 2 inaanza na Yuda, na kuyapanga makabila hayo hayo katika kambi nne: kambi ya Yuda 186,400, ya Reubeni 151,450, ya Efraimu 108,100 na ya Dani 157,600. Mpangilio umebadilika, makundi yamebadilika, lakini jumla imebaki 603,550. Tunawaomba wanakamati wazijumlishe wenyewe.

3. Sifuri haibadili jumla, lakini inasema jambo

Katika mfano wetu mtaa wa pili una sifuri. Ukiongeza sifuri, jumla inabaki ilivyokuwa. Je, tuiandike ya nini? Tunaiandika kwa sababu nafasi tupu na sifuri ni habari mbili tofauti. Sifuri inasema tuliuliza na hakuna kilichopatikana, labda mvua ilikata barabara na ibada haikufanyika. Nafasi tupu haisemi kitu, na mtu mwingine anaweza kuijaza baadaye. Aidha, kabila la Lawi halimo katika zile 603,550, lakini sura ya 1 haikuliacha kimya: inataja kwamba Walawi hawakuhesabiwa pamoja na wengine, na sababu yake. Nasi tuandike hivyo.

Mahali sifa hizi zinapokoma

Kwanza, sifa hizi huhakiki kujumlisha tu. Hazihakiki namba iliyoandikwa vibaya tangu mwanzo. Msomaji makini wa Hesabu sura ya 3 ataona koo za Walawi zina 7,500, 8,600 na 6,200. Ukizijumlisha kwa mpangilio wowote unapata 22,300, lakini jumla iliyoandikwa ni 22,000. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba katika kunakili herufi moja ya Kiebrania ilidondoka, na 8,300 ikasomeka 8,600. Kama herufi moja inatosha kuleta tofauti ya 300, na sisi tusishangae stakabadhi iliyoandikwa kwa haraka ikitusumbua. Dawa yake ni kurudi kwenye stakabadhi na bahasha zenyewe.

Pili, tunajumlisha vitu vya aina moja. Gunia lililopimwa na lumbesa si magunia mawili sawa, ndiyo maana mkulima wa viazi anayehesabu magunia bila kupima hupunjwa. Vivyo hivyo, kabichi na tenga la matunda yaliyotolewa sadaka hayaingii katika jumla ya fedha mpaka yauzwe kwa mnada. Hata euro za marafiki wa Ujerumani haziongezwi kwenye shilingi kabla ya kubadilishwa kwa kiwango kilichoandikwa pamoja na tarehe yake.

Tatu, kutoa hakuna uhuru huo. Kamati ikiwa na sh. 100,000, ikanunua saruji ya 60,000 na kulipa nauli 20,000, baki ni 20,000. Lakini mtu akitoa kwanza 20,000 katika 60,000, kisha akatoa jibu hilo katika 100,000, atapata 60,000, na kitabu kitaonyesha fedha ambazo hazipo. Njia salama ni kujumlisha matumizi yote kwanza, hapa 80,000, kisha kutoa mara moja tu.

Tufanye nini?

Tunapendekeza kila kamati ifanye mambo manne: watu wawili wajumlishe kwa njia mbili; fedha zihesabiwe kwa chanzo na kwa aina ya noti; sifuri iandikwe pamoja na sababu; na jumla isainiwe siku hiyo hiyo. Mfadhili aliye mbali hawezi kuja kuhesabu nasi, lakini akipokea taarifa yenye makundi mawili yanayokubaliana, anaweza kuihakiki akiwa kwake. Na mtunza hazina mwaminifu anapata ulinzi unaozidi maneno ya kumtetea.

Maswali ya kujadili

1. Katika usharika wenu, nani huhesabu sadaka, na nani huhakiki kwa njia nyingine?
2. Katika daftari la mwezi uliopita kuna nafasi ngapi tupu? Je, zilipaswa kuwa sifuri?
3. Sadaka za mazao huingizwa lini katika jumla ya fedha, na kwa kiasi gani?