Kwa Nini Moshi wa Kompyuta Hupenya Ukuta?

Moshi na moto tunaouona katika filamu nyingi za siku hizi haukuwashwa na mtu. Umekokotolewa na kompyuta kwa kanuni za fizikia. Hata hivyo, huenda fundi akakuta, baada ya mashine kufanya kazi usiku kucha, kwamba moshi umepenya ukuta kana kwamba ukuta haukuwapo. Makala haya yanaeleza sababu za kasoro hiyo na njia za kuiondoa.

Namna moshi unavyokokotolewa

Kompyuta haiwezi kufuata kila molekuli ya hewa. Kwa hiyo nafasi yote hugawanywa katika vijumba vya umbo la mchemraba. Kila kijumba huwekewa namba chache: kiasi cha moshi, halijoto, kanieneo, na kasi ya hewa pamoja na mwelekeo wake. Kisha milinganyo ya Navier na Stokes, iliyotungwa katika karne ya 19, hutumiwa kupata namba mpya baada ya kila kipindi kifupi. Mwaka 1999 Jos Stam alieleza njia ya kukokotoa bila hesabu kuvurugika hata vipindi vikiwa virefu. Lakini ikumbukwe kwamba hesabu isiyovurugika si lazima iwe sahihi.

Kanuni ya ukuta

Choma kijiti cha udi, kisha shika kitabu juu ya moshi wake. Utaona kwamba moshi haudundi kama mpira, bali huenea kandokando ya kitabu. Sehemu ya kasi inayoelekea ukuta kwa pembemraba hulazimika kuwa sawa na kasi ya ukuta wenyewe. Iliyo sambamba na ukuta huweza kuendelea. Kompyuta isipotimiza sharti hili, moshi hupenya.

Sababu tatu za kasoro

Kwanza, ukuta ni mwembamba kuliko kijumba. Tuchukue nafasi yenye upande wa mita 4, iliyogawanywa mara 64. Kila kijumba kina upana wa sentimita 6.25. Ukuta wa sentimita 2 waweza kupotea kabisa katika hesabu. Tukitaka ukuta huo uchukue angalau vijumba viwili, kijumba kiwe sentimita 1, yaani migawanyo 400. Idadi ya vijumba hupanda kutoka 262,144 hadi 64,000,000, takriban mara 244! Njia nafuu ni kuweka ukuta wa siri wenye unene wa sentimita 13, unaotumika katika hesabu tu bila kuonekana katika picha.

Pili, kitu kinakwenda kasi mno. Mpira wenye kasi ya mita 10 kwa sekunde, katika filamu ya picha 24 kwa sekunde, husogea karibu sentimita 42 kati ya picha na picha. Huo ni umbali wa karibu vijumba 7, na moshi uliomo njiani hurukwa. Dawa yake ni kugawa kila kipindi mara 7, ili mwendo usizidi kijumba kimoja.

Tatu, umbo lina tundu. Kompyuta hushindwa kutambua ndani ni wapi na nje ni wapi. Hapa kuongeza vijumba hakusaidii. Tundu lazima lizibwe.

Ili kutambua sababu, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Simamisha kitu kwanza: moshi ukiacha kupenya, kosa limo katika vipindi. Ukiendelea, nenepesha ukuta. Ukizidi kuendelea, kagua umbo.

Zaidi ya filamu

Hesabu za jamii hii hutumika pia katika kinga ya moto. Mwaka 2000 taasisi ya NIST ya Marekani ilitoa programu ya FDS, ambayo hukadiria jinsi moshi utakavyoenea katika jengo linaloungua. Katika filamu, ukuta uliopotea huharibu picha; katika jengo, waweza kumdanganya mhandisi kuhusu dakika ambazo watu wanazo za kutoka.

Zoezi

Nafasi yenye upande wa mita 3 imegawanywa mara 100. Je, ukuta wa sentimita 4 unachukua vijumba viwili? Ikiwa sivyo, migawanyo mingapi inahitajika, na vijumba vitaongezeka mara ngapi? (Jibu: hauchukui, migawanyo 150, mara 3.375.)