Maua Yasiyongoja Mvua: Matembezi ya Somo Mpitimbi

Vitabu vya biolojia vilivyotungwa Ulaya hufundisha kwamba maua ya mwituni huchanua baridi inapokwisha. Katika nchi ya Songea kanuni hiyo haifai. Huku kinachotawala ni mvua, nayo huanza kunyesha sawasawa mwishoni mwa Novemba au Desemba. Hata hivyo, mimea mingi haingoji.

Mwalimu awachukue wanafunzi wake mwezi wa Oktoba, apande nao kilima chenye miombo karibu na Mpitimbi. Wataona majani machanga mekundu kama shaba, ilhali ardhi ni kavu kabisa. Wekundu huo ni rangi iitwayo anthosiani, ambayo hudhaniwa kulikinga jani changa na jua kali. Maji hutoka katika akiba ya shina na mizizi iendayo chini sana. Penye majivu ya moto hutokeza maua madogo, mengine hayana hata jani. Fukua taratibu kando ya moja, nawe huenda ukakuta shina gumu lililolala ardhini. Mimea ya namna hii ni miti hasa, mingine ni ndugu wa miti mirefu kama mbura, ila imeuficha mwili wake moto usiufikie.

Somo zito zaidi liko bondeni, penye majimaji, nalo lafaa mwezi wa Januari au Februari. Hapo hutafutwa okidi za jenasi za Satyrium, Disa na Habenaria. Hizi zisichimbwe, mchoro ubaoni watosha. Kila mmea una viazi viwili: kimoja kikuukuu kinachosinyaa kwa kulisha ua la mwaka huu, na kipya kilichojaa chakula cha mwaka ujao. Nchini Zambia viazi hivyo husagwa pamoja na karanga, vikapikwa chikanda, chakula kipendwacho sana. Magunia mengi yametoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na mchimbaji hutaka kile kipya, ndicho uhai wa mmea. Mbegu nazo hazifidii upesi: ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, wala hazioti zisipokutana na kuvu wa kuzilisha. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, inalinda okidi za kule. Mabonde ya vijijini hayana mlinzi.

Basi wanafunzi wapime miraba kumi ya mita 1 kwa mita 1 bondeni, waweke vigingi, wahesabu okidi zilizochanua na kuandika tarehe. Daftari libaki shuleni, kidato kifuatacho kihesabu miraba ile ile.